Themosi ya Mama Becky

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, Jumatatu ya pili baada ya shule kufunguliwa, Nafuna alikuwa amesimama jikoni kwake mtaani Landless, Thika, akimimina chai kwenye themosi. Jiko lenyewe lilikuwa pembe tu ya chumba cha mbele: meko ya gesi, ndoo mbili za maji, rafu ya mbao na kamba ya kuanikia taulo. Nyuma ya pazia watoto wake watatu walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja amevuta blanketi upande wake. Chai ilikuwa ya maziwa, na tangawizi kidogo kwa sababu Byron alikuwa akikohoa. Nafuna alimimina polepole isimwagike, na kama ilivyokuwa desturi yake, alimimina huku akisema.

"Becky, amka saa kumi na mbili kasorobo, usingoje kuitwa mara mbili. Byron, soksi ziko chini ya mto, usiseme hujaziona. Mnawe masikio pia, siyo uso peke yake. Emma asitoke bila kofia. Mkifunga mlango, ufunguo mpelekeeni Mwongeli, baba yenu asikose kuingia."

Hakuna aliyemsikia. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika nyumba ile. Mama alisema wakati watoto wamelala, na walipoamka hapakuwa na wa kusema. Nafuna aliinama karibu na mdomo wa themosi ili aone imejaa kiasi gani, akamalizia, "Na msisahau kusali," kisha akakaza kifuniko. Alipogeuka kumwambia Becky kwaheri, kinywa kilifunguka lakini hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Akakohoa, na kikohozi nacho kikatoka hewa tupu. Akaitazama themosi, akatazama saa ya simu. Basi la kiwanda lilipita stendi saa kumi na moja kamili, na dereva wake hakuwa mtu wa kungoja. Nafuna akachukua leso yake na kibweta cha chakula, akaondoka.

Ilipofika saa kumi na mbili kasorobo alikuwa tayari Ruiru, kwenye foleni ya kuingia kazini, akahisi joto kidogo kooni, kama la mtu aliyemeza funda la chai. Joto likapoa. Baada ya dakika kumi likaja tena. Hakulielewa mpaka jioni, Becky alipompa habari akiwa anachambua sukuma, bila kuinua macho.

"Mama, leo themosi imetuamsha."

Byron ndiye aliyekuwa ameifungua, kwa kuwa Byron huamka na njaa. Sauti ya mama yake ikatoka pamoja na mvuke, ikamwita Becky, ikataja soksi, ikataja masikio, ikanyamaza kifuniko kiliporudishwa. Walipofungua tena ili kumimina kikombe cha pili, ikaendelea pale ilipoachia. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze walifika shuleni kabla ya kengele. Emmaculate, ambaye alikuwa na miaka miwili na hajasema neno hata moja, alipelekwa kwa jirani akiwa na kofia.

Ndani ya themosi kulikuwa kumebaki kikombe kimoja. Nafuna alikinywa akiwa amesimama. Chai ilikuwa bado vuguvugu, na sauti yake ikashuka nayo kooni.

"Mmefanya vizuri," akasema.

Ni vyema ijulikane kwamba kabla ya hapo alikuwa amejaribu kila kitu. Alikuwa ameandika ratiba kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani, na watoto waliipita kama wanavyoupita ukuta. Alikuwa amejaribu kupiga simu, lakini kiwandani simu ziliachwa getini katika visanduku vya mbao hadi mtu atoke. Muhula uliotangulia, Byron aliwahi kwenda shule na kiatu chake kimoja na kimoja cha Becky. Wiki hiyo hiyo Emmaculate alisahauliwa ndani kwa nusu saa, mlango umefungwa kwa nje, kila mtoto akidhani mwenzake ndiye aliyembeba. Mwongeli, jirani aliyekuwa akiwalea watoto wa ploti nzima katika chumba chake, ndiye aliyemsikia. Baba yao, Sifuna, alikuwa askari wa usiku kwenye bohari moja upande wa viwanda vya Thika. Aliingia nyumbani saa moja na robo asubuhi, watoto wameshatoka, na alitoka saa kumi na moja jioni, mke wake hajafika. Usiku wa Jumamosi ndio uliokuwa wake wa kupumzika. Kwa hiyo siku sita familia ile ilikaa nyumba moja kwa zamu, na siku ya saba ikakaa pamoja.

Jumanne Nafuna alimimina chai, akasema, akakaza kifuniko kwa makusudi.

Sifuna aliikuta sauti hiyo asubuhi ileile, alipofungua themosi kutafuta cha kuteremshia mkate.

"Baba Becky, vua viatu mlangoni," ikasema.

Akarudi mlangoni, akavua viatu. Jumapili alimwambia Nafuna, "Nilidhani ukienda Ruiru nitapumzika kelele zako."

"Na ulivua?"

"Nilivua. Ningefanya nini?"

Themosi yenyewe ilikuwa ya bati, imechorwa maua mawili mekundu, zawadi ya akina mama wa kanisa siku ya harusi yao. Haikuwa na kitu cha zaidi. Mwongeli aliigeuza chini juu kuangalia imetengenezwa wapi, akaona ni kule kule zinakotengenezwa zote, akairudisha mezani.

"Yangu huweka joto mpaka saa nne tu," akasema. "Hii yako ni nzuri."

Nyumba ikaanza kwenda. Sare zilitolewa kwenye kamba kabla ya mvua. Hesabu zilifanywa mchana ungali mweupe. Becky alipotaka kumchapa Byron kwa mwiko, ilitosha Byron akimbilie themosi na kuifungua. Watoto walijifunza kutokunywa yote, na kile kilichobaki chini kikaitwa kikombe cha Mama. Mwalimu wa Byron aliandika kwenye daftari kwa wino wa kijani: *Anaonekana ana mzazi anayefuatilia.* Nafuna alikata ukurasa huo akauweka ndani ya Biblia.

Kiwandani alikuwa akishona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi, laini ya sita, cherehani ya kumi na nne. Suruali hizo zilikwenda ng'ambo. Hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyezivaa. Kazi ilianza saa kumi na mbili na nusu. Aliyetaka kwenda chooni alichukua kibao chenye namba ya laini, na kibao kilikuwa kimoja kwa watu sitini. Hapo zamani Nafuna ndiye aliyekuwa akiuliza kibao kiko wapi, tena kwa sauti ambayo ilifika laini ya tatu. Aliuliza pia kwa nini feni haizunguki, na kwa nini kengele ya kutoka hulia kwa kuchelewa lakini ile ya kuingia hailii kwa kuchelewa. Sasa aliketi kimya, na mifuko ikamtoka mikononi kama maji bombani.

Supavaiza wa laini alikuwa kijana aitwaye Lenny, mwembamba, mwenye fomu nyingi. Alisimama nyuma yake siku ya tatu akahesabu mabando ya suruali alizomaliza.

"Mama Becky, umepita tageti ya siku na haijafika saa tisa. Unaumwa?"

Nafuna akatikisa kichwa.

"Koo?"

Akachukua chaki ya kuwekea alama, akaandika kwenye kipande cha jinzi: *Nimeiacha nyumbani. Watoto.*

Lenny akasoma. "Sawa," akasema. "Afadhali. Endelea hivyo hivyo."

Nduku, aliyeketi cherehani ya kumi na tano, alikinyakua kipande kile Lenny alipopita. Yeye alikaa kijijini Gatuanyaga na mtoto wa miezi minane na mama mkwe asiyesikia vizuri.

"Wewe mama, jambo kama hili unajinyamazia?" akasema. "Unaiweka kwenye nini?" Nafuna akachora kwa chaki. "Themosi? Na mtu ambaye hana themosi?"

Nafuna akaandika: *Jaribu mtungi.*

Nduku akajaribu mtungi, na ukakubali. Mtoto alilazwa kwa wimbo mara tatu kwa siku, na mbuzi wa mama mkwe, ambao walifungwa karibu na dirisha ulipokaa mtungi, walianza kulala mchana. Mwanamke wa cherehani ya tatu akaiacha yake kwenye sufuria. Mwingine akaiacha kwenye chupa ya krimu iliyokwisha. Kufikia Agosti, karibu laini nzima ya sita na nusu ya laini ya tano zilifanya kazi bila sauti. Waliobaki na sauti zao walikuwa vibarua wa wiki, ambao wangeweza kuambiwa Ijumaa wasirudi Jumatatu, na watu wa namna hiyo hutumia sauti kusema ndiyo. Ukumbini zikasikika cherehani tu. Ofisi ilibandika karatasi karibu na saa, ikiipongeza laini ya sita kwa nidhamu, na chini yake ikaandikwa tageti mpya, ambayo ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani kwa bando nne.

Hapo ndipo ovataimu ilipoanza. Nafuna alifika nyumbani saa mbili na nusu, wakati mwingine saa tatu, na kikombe cha Mama kilikuwa kimepoa. Sauti ilirudi, lakini ilirudi imechoka. Jioni moja Becky alikuwa akisuka nywele za mwanasesere wa Emmaculate mlangoni, akauliza kama mtu mzima anayemwuliza mwenzake, "Mama, leo kazi ilikuwaje?"

Nafuna alitaka kumwambia. Alitaka kumweleza habari za kibao, na za mwanamke wa cherehani ya tisa ambaye alishonwa kidole na hakuna aliyejua hadi damu ilipofika kwenye kitambaa. Akafungua kinywa.

"Umemaliza hesabu?" akasema.

"Ndiyo," Becky akajibu.

"Umenawa miguu?"

"Ndiyo, Mama."

Nafuna akavua leso yake. Alihesabu huo kuwa uchovu. Ukweli ni kwamba sauti, kwa kukaa nyumbani siku nzima ikisema yaleyale, ilikuwa imeanza kusahau mengine. Lakini Jumapili iliyafuta hayo. Jumapili hakuimimina kwenye themosi. Chai ilinywewa kutoka sufuriani, wakiwa wote watano, na sauti ilikaa kooni mwake tangu asubuhi. Ilipoingia kanisani ilikuwa bado nyembamba. Wimbo wa kwanza aliuimba kama mtu anayetafuta viatu gizani. Kufikia wimbo wa tatu ilikuwa imefunguka, na wanakwaya wenzake walisogea kidogo kuipa nafasi. Mchana, akimenya viazi vitamu, alimweleza Sifuna habari za wiki nzima kwa mpigo mmoja, na Sifuna alicheka mahali pa kucheka na kusonya mahali pa kusonya. Mara nyingine waligombana, tena vizuri, kwa hoja na majibu. Jumatatu alikuwa tayari kuiacha tena.

Kwa hiyo Lenny alipopita Jumatatu moja mwishoni mwa Septemba akitangaza kwamba Alhamisi kutakuwa na mkutano kuhusu kufanya kazi Jumapili, mikono ya Nafuna ilisimama juu ya cherehani.

Saa ya chakula wanawake wa laini ya sita waliketi ukutani, wakapitishiana vipande vya jinzi. *Mmoja aje nayo,* aliandika wa cherehani ya tatu. *Mmoja tu, aseme kwa niaba yetu.* Kila mmoja alifikiria mtoto wake na mtungi wake na sufuria yake. Nduku akaandika: *Mama Becky. Anaimba kwaya.* Kipande kikazunguka, wote wakaweka alama ya chaki, na kilipomrudia Nafuna kilikuwa kimejaa alama kama ukuta wa darasa. Akakikunja akakiweka kifuani.

Alhamisi alfajiri alimimina chai kimya. Alikuwa amemwandikia Becky kila kitu kwenye karatasi, pande zote mbili. Akakaza kifuniko, akagusa koo lake. Sauti ilikuwepo. Kwenye basi alirudia moyoni maneno aliyoyachagua, na yalikuwa machache: *Jumapili ni yetu. Hatuji.* Aliyageuza, akayapima, akaona yanatosha. Hayakuhitaji tafadhali.

Getini Kyengo, mlinzi aliyepokea simu, alimtazama vizuri.

"Mama Becky, naona leo umekuja nayo. Hebu nisikie. Habari ya asubuhi?"

"Funga hicho kifungo cha kola," Nafuna akasema.

Kyengo akajipapasa shingoni. Kweli kifungo kilikuwa wazi. Akakifunga. "Asante," akasema, akampa namba ya kisanduku.

Nafuna aliingia akijiambia kwamba ni asubuhi bado, koo halijachangamka.

Mkutano ulifanyika saa nne, mashine zimezimwa kwa dakika kumi. Lenny alisimama mbele ya laini ya tano na ya sita akiwa na fomu kwenye ubao wa kuandikia. Alisoma bila kuinua macho, kwa kuwa si yeye aliyeandika.

"Kuanzia Jumapili hii, laini ya tano na laini ya sita zitafanya kazi siku saba kwa wiki hadi oda ikamilike. Ofisi inauliza kama wafanyakazi wana maoni. Nimepewa nafasi ya kuandika maoni." Akaonyesha nafasi yenyewe. Ilikuwa mistari miwili. "Kuna mwenye swali?"

Nafuna akainua mkono. Wanawake wa laini zote mbili wakageuka kumtazama. Akasimama, akashika ukingo wa cherehani ya kumi na nne kwa mkono wa kushoto, akaita maneno yake.

"Umekula?" akasema.

"Nini?" Lenny akauliza.

"Umekula? Usitoke nyumbani na tumbo tupu. Shati ingiza ndani. Na hizo kamba za viatu, funga, utaanguka."

Lenny akatazama chini. Kamba ya kiatu cha kulia ilikuwa imefunguka. Akaweka fomu juu ya bando la suruali, akapiga goti, akaifunga kwa fundo mara mbili. Alipoinuka aliingiza shati.

"Nilikunywa chai, Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mkate ulikuwa umeisha."

Nafuna alijaribu tena. Aliyaona maneno yake machache yamesimama palepale, wazi kama vitu kwenye rafu, lakini sauti iliyapita. "Msifungulie mtu mlango msiyemjua," ilisema. "Mwenye daftari la hesabu alilete. Taulo likishalowa lisirudishwe kwenye kamba likiwa limekunjwa. Msigombane. Mkubwa amsaidie mdogo." Laini nzima ilisikiliza. Kibarua mmoja wa wiki, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, alianza kufuta machozi, na mwingine alikunja kitambaa kilichokuwa kimeanguka chini. Nafuna akalazimisha koo mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kilichotoka mwishoni kilikuwa hiki:

"Nitarudi jioni."

Lenny alingoja kidogo, kwa adabu.

"Kuna lingine?"

Akaandika kwenye mistari miwili, polepole, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu katika mambo ya fomu, aliandika yote: *Wafanyakazi hawana pingamizi. Waliuliza kama nimekula.* Akatia sahihi. Mashine zikawashwa.

Baada ya dakika chache kipande cha jinzi kilisukumwa kutoka cherehani ya kumi na tano. Nafuna alidhani Nduku anamlaumu, akakisoma akiwa amejiandaa. Kilisema: *Hata yangu ingesema nini? Inajua wimbo wa kulaza mtoto tu.*

Jioni alishuka Landless akiwa na sauti yake kooni, mara ya kwanza siku ya kazi kwa miezi mingi. Byron alikuwa amekwenda shule bila soksi. Sare zilikuwa bado kwenye kamba, zimelowa. Karatasi aliyoiandika ilikuwa mezani, juu yake pamewekwa sufuria ya uji. Becky alikuwa amevimba macho.

"Tulisoma," Becky akasema. "Lakini ilikuwa inasema yote mara moja."

Mwongeli alikuja na Emmaculate mgongoni, akamshusha mlangoni.

"Leo huyu mtoto amenitesa. Hajakula hata kijiko. Nimempa uji, nimempa ndizi, anageuza uso. Nikamwambia haya, tumngoje mama yako tuone."

Nafuna akachuchumaa, akafungua mikono.

"Emma, njoo ule," akasema.

Mtoto alisikia. Uso wote ukamfunguka, akacheka, akaanza kutembea upesi kwa miguu yake mifupi. Alipita mikono ya mama yake, akapita meza, akaenda mpaka kwenye rafu ambapo themosi ilikuwa imesimama. Akaikumbatia. Akaweka sikio lake kwenye maua mekundu, akasema neno lake la kwanza maishani.

"Mama."

Mwongeli akapiga makofi.

"Eh! Ameanza kusema! Mama Becky, umesikia? Si ulikuwa unaogopa ni bubu?"

Becky akapiga makofi, Byron akapiga makofi. Nafuna alikuwa bado amechuchumaa. Naye akapiga makofi.

Jumamosi alifika mapema kidogo, saa moja na robo jioni, na Sifuna alikuwa nyumbani kwa sababu ni siku yake ya kupumzika. Alikuwa ameshasikia habari za Jumapili kutoka kwa Becky, ambaye Nafuna alikuwa amemwandikia. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni akiwa bado amevaa viatu, akimtazama mke wake akiosha vikombe.

"Kwa hivyo na kesho," akasema.

"Maji ya kuoga yako kwa ndoo ya buluu," Nafuna akajibu.

"Najua yaliko." Akasogeza kiti. "Mama Becky, hebu nikasirikie. Niambie mimi ni mwanaume gani, bibi yake anafanya kazi Jumapili. Ukitaka nitukane. Wewe unajua kutukana vizuri, mimi nakujua."

Nafuna aliacha kikombe. Alimgeukia. Alikuwa na hasira ya kutosha. Ilikuwa imejaa tangu Alhamisi, na haikuwa ya Sifuna hata kidogo, lakini angeweza kumpa yeye sehemu, kama watu wa nyumba moja wanavyogawana. Akavuta pumzi.

"Vua viatu mlangoni," akasema.

Sifuna akacheka. Alicheka kwa muda, na Byron naye akacheka kwa kumwona baba yake akicheka. Kisha Sifuna akainama, akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, visigino pamoja, akabaki ameinama hapo muda mrefu kuliko unaomchukua mtu kupanga viatu.

Jumapili, saa kumi na dakika arobaini alfajiri, Nafuna alimimina chai kwenye themosi. Aliweka tangawizi. Aliinama akasema yote ya siku ya Jumapili, ambayo ni mengine kidogo: nguo za kanisa ziko wapi, nani ashike mkono wa nani kuvuka barabara, sadaka iko kwenye soksi ya Becky. Akaongeza sala ya chakula, ili isemwe na mtu aliyezoea kuisema, na mwisho kabisa mwito wa Emma wa kuja kula. Akakaza kifuniko, akaenda kwenye basi. Wanawake wengine walikuwa wameshaketi, kila mmoja kwenye kiti chake, na hakuna aliyesalimia.

Kwenye cherehani ya kumi na nne alihisi yote kama ilivyokuwa kawaida. Saa mbili koo lilipata joto: chai. Saa tatu kasorobo likapata joto: viatu, barabara. Kisha likapoa muda mrefu, na akajua wako kanisani, na kwamba kwaya imesimama na pengo, au imejisogeza na kulifunga. Saa saba likapata joto tena, taratibu, kwa muda wa sala. Alijua Sifuna ameweka themosi mezani, upande wa mke wake, karibu na dirisha, kwa kuwa ndipo panapokaa mtu wa kusali.

Akashona mfuko. Akashona mwingine.

Saa saba na nusu joto likaja bila saa yake. Likaondoka. Likaja tena. Halikuwa la Becky, ambaye hufungua upesi na kumimina, wala la Byron, ambaye hufungua na kusahau kufunga. Hili lilikuja kidogo kidogo, kama kifuniko kinachozungushwa na mikono miwili midogo, kikafunguliwa, kikasikilizwa, kikarudishwa. Kisha kikafunguliwa tena. Nafuna alijua ni maneno gani yaliyokuwa yamebaki chini kabisa ya themosi, pamoja na kikombe cha Mama. Yalikuwa *Emma, njoo ule.*

Mara ya tano. Mara ya sita.

Lenny alipita nyuma yake, shati limeingizwa ndani, akahesabu mabando, akaandika. Karibu na saa, karatasi ya pongezi ilikuwa imebadilishwa na nyingine mpya. Nafuna alivuta suruali iliyofuata, akalaza mfuko mahali pake, akashusha sindano. Kila joto lilipokuja likawa dogo kidogo kuliko lililotangulia, kwa sababu chai, hata kwenye themosi nzuri, hupoa.

Mara ya tisa alisimamisha mguu kwenye pedali, akafungua kinywa, akakiacha wazi kwa muda. Kisha akaendelea na kazi.